Wimbo Unatoka Saa Moja, Jua Linazama Kabla

Hapa Tabaka, kwa wachongaji wa jiwe la sabuni, hata benchi ni jiwe. Letu lilikusudiwa kuwa kiboko mkubwa wa kusimama mlangoni mwa hoteli fulani, likapasuka mgongo kabla halijapata masikio, mchongaji akalitupa kando ya njia, nami nikaliburuta mpaka ukutani pa duka la Gulled. Kwa hivyo benchi ni langu, hata kama wanaolikalia hawana shukrani. Asubuhi linauma matako kwa baridi, lakini jioni limeshiba jua la siku nzima na hapo ndipo watu huja. Gulled mwenye duka hutuuzia kahawa chungu ya tangawizi. Yeye ni Muislamu, mtoto wa wafanyabiashara wa Kisii mjini, na Ekegusii chake ni safi kuliko cha watoto wetu. Wa kudumu ni wanne. Kuna Mose, tunamwita Wakili; mahakamani ameingia mara moja tu, shahidi wa kesi ya mbuzi, na mbuzi akashindwa. Kuna Ogeto, tunamwita Dishi kwa sababu anafunga dishi za televisheni juu ya mabati ya watu; alianguka siku moja, na tangu hapo sikio lake la kushoto linapumzika. Kuna Ochoki, kijana mchongaji wa ndovu, huyo tunamwita Kinanda na mtaona kwa nini. Halafu mimi, Abner. Wananiita Refa kwa sababu mimi ndiye naamua mabishano, na hakuna anayesikiza uamuzi. Ilikuwa Ijumaa, jua bado liko juu ya migomba, na Kinanda alikuwa amekataa kukaa.

Refa: Kaa chini, wewe. Unanizungusha kichwa.

Kinanda: Sikai, Refa. Leo ni leo. Taa za Njano wanatoa albamu saa moja jioni!

Wakili: Hao ni watu wa stima?

Kinanda: Ni bendi, buda! Wawili tu, mtu na dada yake, wako Nairobi. Wanapiga sinthi-pop.

Dishi: Ebu sema tena. Kuja huku upande wa kulia.

Kinanda: Sinthi-pop! Vinanda vya umeme. Hakuna gitaa, hakuna ngoma ya ngozi. Mashine inapiga mdundo, kinanda kinavuta sauti ndefuuu, halafu dada anaingia polepole kama mtu ako na siri. Na ni watu wa kujitegemea, indie. Hawana kampuni, hawana bosi. Wanarekodi chumbani, godoro wameegemeza ukutani ndio jirani asilalamike.

Wakili: Hawana ofisi?

Kinanda: Hawana.

Wakili: Sasa ukitaka kuwashtaki unaenda wapi?

Kinanda: Niwashtaki kwa nini?

Wakili: Hujui bado. Ndio maana ofisi ni muhimu. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Hiyo methali na ofisi vinaingiliana wapi, sijui, na mwenyewe hajui. Wakili akitaka methali hushika yoyote iliyo karibu. Niliacha kumrekebisha zamani, naona ni kujichosha bure.

Gulled: Kunywa kahawa kwanza, Kinanda. Utazimia.

Kinanda: Na si hao tu! Huu mwezi ni wangu, nawaambia. Ijumaa ijayo kuna msichana wa Kisumu, anajiita Mvua ya Plastiki, anatoa nyimbo nne. Amepandisha kipande kidogo tu mtandaoni, sekunde chache, na mimi nimekisikiza mpaka simu ikapata moto. Halafu baadaye kuna wale jamaa wa Norway, jina lao silitamki. Walinyamaza mpaka watu wakasema wameachana. Kumbe walikuwa wanatafuta spea ya kinanda cha zamani! Kinanda kimoja! Watu wa dunia nzima tukakaa kungoja spea!

Dishi: Hiyo naelewa. Hata mimi kuna mtu wa Nyamarambe anangoja spea ya dishi tangu Krismasi.

Refa: Huyo anangoja wewe, si spea.

Niseme ukweli. Huo muziki siupendi. Nikipita kwenye banda lake la kuchongea nikiusikia, naona kama friji inayolia. Lakini kijana akipenda kitu namna hiyo, macho yakimeta, mikono ikipiga vinanda hewani, hata wewe unajikuta unataka hicho kitu kitoke salama. Ndivyo ilivyokuwa kwangu, na sikumwambia.

Kinanda: Sasa ngojeni. Hamjui kubwa lenyewe.

Wakili: Kuna kubwa kushinda spea?

Kinanda: Sauti ya hapa Tabaka inaweza kuwa ndani ya albamu.

Hapo hata Gulled aliweka birika chini. Kinanda akatueleza, na kwa mara ya kwanza alikaa. Ilikuwa hivi. Taa za Njano waliomba mashabiki wao watume sauti za kazi ya kwao: cherehani, jembe, mashine ya kusaga, chochote. Walisema watachagua chache waziweke ndani ya wimbo wa mwisho, ule mrefu. Kinanda akatuma yake: jiwe la sabuni likipigwa msasa ndani ya maji. Shaa, shaa, shaa, halafu tone linaanguka kwa karai. Wakamjibu: Safi sana, tutaona.

Dishi: "Tutaona" ni ndiyo ama la?

Kinanda: Hapo ndipo sijui! Sijui, Dishi! Tangu wakati huo nikilala naota "tutaona". Leo saa moja kamili wanaipiga albamu yote moja kwa moja kwenye intaneti, wako pale wenyewe, na ule wimbo wa mwisho ukiisha wanataja majina ya wenye sauti. Mara moja tu. Wakimaliza wanafuta hayo matangazo. Albamu itabaki, lakini majina hayataandikwa popote.

Gulled: Kwa hivyo mtu wa Tabaka atatajwa huko duniani.

Kinanda: Kama nimo. Kama simo, basi, nijue tu.

Wakili: Haki ya Nyasae! Tulipie bando! Tukae hapa hapa, tusikize wote!

Kinanda: Saa moja jioni, Wakili.

Wakili: Ee, saa moja.

Kinanda: Leo ni Ijumaa.

Wakili alifungua mdomo, akaangalia jua, akaufunga. Kwa msomaji asiyetoka huku: Kinanda ni Msabato, mimi ni Msabato, na Wakili pia ni Msabato ingawa anakaa nyuma karibu na mlango. Ijumaa jua likizama Sabato imefunguliwa, na mambo ya dunia yanangoja mpaka jua lizame tena Jumamosi. Na jua huku huzama kabla ya saa moja. Mama yake Kinanda ni shemasi, na kwake ni sheria: jua likigusa mlima anapita na ekee, kile kikapu cha kuwekea ugali, kila mtu anatia simu yake ndani, kikapu kinapanda juu ya kabati, kisha wanaimba.

Dishi: Sasa si umwambie mama unaumwa na tumbo, ukae chooni na simu?

Kinanda: Si mama, Dishi. Ni mimi. Tangu nibatizwe pale mtoni sijavunja Sabato. Hata ile siku Wazungu walikuja kununua ndovu Jumamosi na pesa mkononi, sikuuza. Nivunje kwa wimbo?

Refa: Basi imekwisha. Usisikize.

Kinanda: Lakini Refa, nitakaa pale nikiimba na mama, na roho yangu yote iko saa moja. Hiyo nayo si kuvunja?

Kwa hilo sikuwa na kadi ya kutoa, si ya njano si nyekundu. Nikanywa kahawa. Na mkiona refa anakunywa kahawa, jueni uwanja umebaki bila mwenyewe.

Wakili: Sikizeni. Hili jambo liko kwa Biblia. Bwana alisema, ng'ombe wako akianguka shimoni siku ya Sabato, si utamtoa?

Kinanda: Nitamtoa.

Wakili: Sasa sauti yako imeanguka wapi?

Kinanda: Wapi?

Wakili: Kwa intaneti! Na intaneti ni shimo. Uliza watu wenye watoto. Wewe huendi kusikiza muziki, unaenda kutoa ng'ombe.

Gulled: Huyo ng'ombe hakuanguka, Wakili. Alimtuma mwenyewe na bando.

Dishi: Wacheni hiyo ya ng'ombe. Shida ni jua, na jua ni kazi yangu.

Refa: Tangu lini?

Dishi: Mimi nafunga dishi. Nikiwa juu ya mabati naona jua wakati nyinyi hapa chini mko kwa kivuli. Mtu wa kule ndani ya machimbo jua lake linazama mapema kuliko la pasta! Kwa hivyo jua halizami mara moja. Linazama kwa mtu na mtu. Kinanda apande juu.

Kinanda: Juu ya nini?

Dishi: Juu ya mlima. Saa moja bado ataliona.

Refa: Saa moja hata ndege haioni jua.

Dishi: Basi aende nalo! Si jua linaelekea Rongo? Apande pikipiki sasa hivi alifuate. Rongo, Homa Bay, mpaka Mbita. Kila akienda mbele jua linachelewa kidogo.

Wakili: Mbita ni ziwa.

Dishi: Achukue boti.

Gulled: Na kwa boti anasikiza muziki ama anatapika?

Dishi: Mnacheka. Sasa hivi, vile tunakaa hapa, kule Kongo ni mchana. Watu wanaanika nguo. Sabato yao hata haijafika mpakani. Wakati wa saa moja yetu, Kongo bado ni Ijumaa safi kabisa.

Wakili alisimama. Nikajua tumekwisha. Wakili akisimama na kikombe mkononi, wazo limemwingia, na wazo likimwingia halitoki bila kuvunja kitu.

Wakili: Ngoja. Ngoja! Kuna mtu tunamjua Kongo?

Gulled: Binamu yangu Abdirahman ana lori. Wiki hii ameenda Goma.

Wakili: Umeona! Abdirahman asikize kule Goma, kwa mchana wa Kongo. Halafu ampigie Kinanda, aweke simu karibu na spika. Sasa swali la sheria ni hili: Sabato inahesabiwa mahali sauti iko, ama mahali sikio liko?

Dishi: Mahali sauti iko.

Refa: Mahali sikio liko, jamani! Sikio ndilo limebatizwa!

Wakili: Unaona mwenyewe ulivyo na haraka. Maji yakimwagika hayazoleki, Refa. Sikio halitendi kitu. Linakaa tu pale kwa kichwa. Harufu ya nyama ya jirani ikiingia kwako umeiba nyama? Hujaiba. Kusikia si kosa. Kosa ni kusikiza.

Kinanda: Tofauti ni nini?

Wakili: Kusikiza unainama. Kusikia uko wima.

Gulled: Mimi nina duka hapa miaka mingi, na sijawahi kuuza kahawa yenye nguvu kama ya leo.

Tulicheka. Hata Kinanda alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwa jua, na jua lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye majani ya migomba. Dishi, ambaye hajui kushindwa, akaja na Yoshua.

Dishi: Yoshua alisimamisha jua pale Gibeoni.

Refa: Yoshua alikuwa na vita.

Dishi: Na huyu ana albamu!

Refa: Nani atamwombea jua lisimame? Wewe? Wewe uliomba mvua isinyeshe harusi ya dada yako, na daraja likaenda na maji.

Gulled: Jamani, kuna njia rahisi. Asikize mtu mwingine, kesho Sabato ikifungwa amwambie.

Lilikuwa wazo la maana, na kwenye benchi langu hilo ni jambo geni. Kinanda akainua kichwa.

Kinanda: Wewe Gulled! Wewe si Msabato!

Gulled: Saa hiyo niko nyuma ya duka naswali magharibi. Na hata nikimaliza mapema, ndugu yangu, usinitegemee. Jiwe kwa msasa na chapati kwa mafuta, kwangu ni sauti moja. Utaniuliza kama uko kwa wimbo, nitakwambia wanapika.

Kinanda: Lakini majina wanataja.

Gulled: Majina, ndiyo. Lakini wewe si unataka kujua pia sauti imeingia vipi? Imeingia kwa nguvu, imeingia kwa mbali? Hiyo mimi siwezi kukuletea.

Kinanda: Ni kweli. Hiyo ndiyo nataka zaidi.

Dishi: Mimi ni Mkatoliki. Nipe mimi.

Wakili: Wewe Dishi? Juzi ulisikia tangazo la matanga, ukaenda umevaa suti nyeupe na zawadi ya sufuria.

Dishi: Yule mtu alitangaza upande wa kushoto!

Wakili: Na muziki nao una pande mbili, kushoto na kulia. Je, jiwe likiwekwa kushoto?

Dishi akakwaruza sikio lake la kushoto. Akageuza kikombe chake, kikawa kitupu. Na hapo Kinanda akaongea kwa sauti ya chini, hakuwa tena yule wa kupiga vinanda hewani.

Kinanda: Mnajua, mimi nachonga ndovu tangu nimalize shule. Zinafungwa kwa nyasi, zinaingia kwa boksi, zinaenda. Refa wewe ndiye unazifunga. Umeona jina langu chini ya ndovu hata mmoja?

Refa: Sijaona.

Kinanda: Wanabandika karatasi: Kenya. Mtu wa huko anaweka ndovu juu ya meza, anasema hii ni ya Kenya. Kenya haina mikono! Ni mimi nilikaa hapo na patasi. Sikatai pesa, nimelipwa. Lakini sijawahi kusikia mtu akitaja jina langu kwa sababu ya kitu kilichotoka hapa. Nilitaka mara moja tu. Nilitaka nisikie na masikio yangu.

Gulled alimwongezea kahawa na hakumwambia bei. Wakili alitafuta methali, akaikosa, akamshika bega. Mimi nilisikia uchungu, nasema wazi. Ndovu wangapi nimefunga kwa nyasi, na sijafikiri hata mara moja kwamba mtu anaweza kulia kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa chini ya mguu.

Ndipo akapita Mama Valentine. Alikuwa anatoka kazini, karai kichwani, mikono imekuwa myeupe kwa unga wa jiwe mpaka kwenye viwiko. Alitaka kibiriti na sabuni ya kipande. Akatuona tumeinamisha vichwa.

Mama Valentine: Bwairire, za jioni. Nani amekufa?

Gulled: Hakuna aliyekufa, mama. Karibu. Ni huyu kijana ana mtihani.

Wakili akamweleza yote, na kwa Wakili yote ni yote: bendi, spea ya Norway, ng'ombe, Mbita, lori la Goma. Mama Valentine aliteremsha karai, akaukalia ukingo wa benchi langu bila kuomba, akasikiza mpaka mwisho. Hakucheka hata Wakili alipofika kwa Yoshua. Alimgeukia Kinanda.

Mama Valentine: Hiyo sauti ya msasa uliirekodi lini?

Kinanda: Ile siku mvua ilitufungia kwa banda langu.

Mama Valentine: Ile ya oda ya viboko wadogo?

Kinanda: Hiyo hiyo. Nililaza simu kando ya karai.

Mama Valentine: Nakumbuka. Nikakuuliza kama simu haitamwagikiwa na maji, ukasema niendelee tu.

Kinanda: Ee.

Mama Valentine: Sasa Ochoki, kuanzia lini wewe unapiga msasa?

Acha niwaeleze wageni, kwa sababu sisi wa pale hatukuhitaji kuelezwa. Tabaka mwanamume anachonga na mwanamke anapiga msasa. Ndivyo tulivyokuta, hakuna aliyeandika sheria. Mwanamume anaacha jiwe likiwa na alama za patasi, mbaya mbaya. Mwanamke analikalisha kwa maji, analisugua mpaka linang'aa. Mwanamume akionekana kwenye karai na msasa, watu watauliza kama mke amemtoroka. Sisi wote pale tulijua hivyo tangu tukiwa watoto, na jioni nzima tulisema sauti ya Kinanda, jiwe la Kinanda, ng'ombe wa Kinanda. Mdomoni kwetu sauti ilikuwa ya Kinanda, kumbe mwenyewe alikuwa kwa karai.

Kinanda: Mimi... jiwe lilikuwa langu.

Mama Valentine: Ndiyo, jiwe lako. Lakini jiwe halilii lenyewe. Uliwatumia jina gani?

Kinanda: Ochoki, Tabaka.

Mama Valentine: Haya. Sasa wakitaja jina, watakuwa wametaja nani?

Hakuuliza kwa hasira. Kama angekasirika, Wakili angepata mahali pa kuingilia. Aliuliza vile mtu anauliza bei ya sukari, kisha akangoja. Wakili alitazama viatu. Dishi alijifanya ameulizwa upande wa kushoto. Mimi ndiye Refa, na kila mtu alinitazama, na nilikuwa sina kitu mdomoni isipokuwa kahawa iliyopoa.

Kinanda: Mama Valentine. Nisamehe.

Mama Valentine: Mimi nimeuliza tu. Ningejua inaenda kwa redio, ningesugua vizuri. Siku hiyo nilikuwa na njaa.

Kinanda: Na mimi nilikuwa nalilia karatasi ya chini ya ndovu! Nyasae! Si ningenyamaza tu!

Gulled: Usinyamaze, ndugu yangu. Jua bado lipo, angalia.

Tuligeuka wote. Lilikuwa limekalia mlima, jekundu, nusu yake inaonekana. Kinanda akatoa simu kwa haraka mpaka akaiangusha, akaiokota, akafungua pale alipoandikiana na Taa za Njano.

Kinanda: Nitawaambia nilikosea. Nitawaambia waweke jina la mwenyewe. Lakini wakiwa washaandika?

Wakili: Andika hivi: Kwa wahusika wote, kuhusiana na suala lililotajwa hapo juu...

Refa: Wakili, nyamaza!

Na akanyamaza. Miaka yote ya urefa wangu, hiyo ndiyo siku niliyotiiwa.

Dishi: Halafu nani atasikiza? Mama, wewe unasali wapi?

Mama Valentine: Mimi? Katoliki. Dishi, hata wewe hujaniona Jumapili na ile kanga ya akina mama?

Dishi: Masikio yote mawili yako sawa?

Mama Valentine: Nasikia hata jiwe lenye ufa ndani, kabla halijapasuka.

Kinanda alimtazama vile mtu anatazama mlango ambao alikuwa ameuegemea akitafuta ufunguo. Sitawaficha, nilitaka kumkumbatia yule mama, lakini si desturi.

Kinanda: Utakaa na simu yangu? Saa moja kamili bonyeza hapa. Bando lipo. Ukisikia kinanda kirefu sana, ndio wimbo wa mwisho. Usikize kama msasa wako umo, na umeingia vipi, karibu ama mbali. Halafu majina. Kesho jua likizama nakuja kwako mbio.

Mama Valentine: Na mama yako akipitisha ekee akose simu?

Kinanda: Nitamwambia ukweli. Iko kwa mwenye sauti.

Mama Valentine: Andika basi, giza linaingia.

Kinanda akaandika kwamba amekosea, kwamba jiwe ni lake ila mkono haukuwa wake, kwamba tafadhali watoe jina la Ochoki waweke jina la aliyepiga msasa, ambaye ni... Hapo kidole kikasimama. Akatutazama. Nikamtazama Wakili, Wakili akamtazama Dishi, Dishi akamtazama Gulled, ambaye amemuuzia huyo mama sabuni tangu afungue duka. Hakuna aliyelijua jina lake. Kinanda akainama, akaandika kwa aibu: Mama Valentine, Tabaka.

Yule mama alinyoosha shingo akasoma juu ya bega lake.

Mama Valentine: Futa hiyo. Andika Nyakerario. Valentine hajawahi kushika msasa hata siku moja.

Kinanda akafuta, akaandika Nyakerario, Tabaka, akatuma, na simu akamkabidhi mwenyewe jua likiwa limebaki ukucha.